Barua Aliyoiandika Kamusi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamusi alifagia uwanja huku akitaja maneno ya Kiingereza kwa sauti. Wenzake darasani ndio waliompa jina hilo la utani, naye alilipenda mno. Tangu hapo, "sijui" lilikuwa halijamtoka kinywani.

Leo alifagia kimyakimya. Sebuleni, baba alikuwa ameshika barua na kumkazia macho kaka yake Kamusi, ambaye juzi tu alipata nafasi ya mafunzo kazini kwenye karakana ya majokofu.

"Barua yako ya shukrani imerudi," baba alisema. "Umeandika kwamba wamekuajiri kuwa fundi. Msimamizi anashuku una njama ya kudai ajira, amesimamisha nafasi yako. Unapanga nini?"

"Sijapanga kitu, baba! Kiingereza kinanipiga chenga, nikamwomba Kamusi aniandikie. Nilimwambia ni mafunzo ya miezi mitatu."

Baba akamwita Kamusi. "Ulimwandikia alichokwambia?"

"Ndiyo, baba. Ndivyo alivyosema."

Baba akamtazama kaka kama anayetazama noti bandia. Kamusi aliona kila mtu anamshuku, hata paka mlangoni. Kisha kaka akavua bwelasuti yake mpya, akaikunja polepole, akaiweka kitini. Moyo wa Kamusi ukamuuma.

"Baba, nimesema uongo! Sikujua hayo mafunzo husemwaje kwa Kiingereza. Niliona haya kuuliza, nikaandika ameajiriwa."

Baba akainuka. Akachukua kofia na ile bwelasuti, wakaenda karakana wote watatu.

Msimamizi, mama mwenye miwani, aliwasikiliza bila kutabasamu. "Nitajuaje kwamba hamkumfundisha mtoto haya njiani?" Akamsogezea Kamusi karatasi. "Iandike upya hapahapa."

Kamusi aliandika mistari miwili, akafika palepale, akakwama. Angeweza kubahatisha tena.

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo. "Tafadhali, mama, nisaidie."

Msimamizi akavua miwani. "Sasa nimeamini." Akamtajia maneno yanayofaa, yakaandikwa, kaka akatia sahihi.

"Mwanangu," msimamizi alisema, "kuuliza si ujinga. Ulificha neno moja usilolijua, na ndugu yako nusura apoteze nafasi yake."

Kamusi aliomba radhi. Kaka akamvuta sikio kidogo, akacheka, akavaa bwelasuti yake na kuingia kazini.