Nikipika Nikuone

Siku Agnela alipomwona Naftali kwa mara ya kwanza, Naftali alikuwa amekaa juu ya choo.

Choo chenyewe kilikuwa hakijaunganishwa popote. Kilipangwa pamoja na vingine mbele ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na Soko Kuu, Jumamosi asubuhi, watu wakipishana na matoroli ya ndizi na wauza soksi. Naftali alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri na suruali ya kaki. Anakaa, anasimama, anakaa tena, mikono kwenye magoti.

Agnela alikuwa fundi mapazia wa Daraja Mbili, amefuata vyuma vya kuning'inizia. Alivaa gauni la kitenge cha bluu na sweta zito, maana Julai ya Arusha haina mchezo, na tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Alijibana asicheke, kicheko kikamtoka puani.

"Kaka, hicho hakina maji," akasema.

Naftali akasimama, masikio yanawaka. "Samahani dada. Napima kimo. Mzee wangu anaumwa magoti, akikaa chini sana hanyanyuki."

"Na magoti yako mazima yatajuaje?"

"Ndiyo maana nakaa kizee."

"Hebu kaa nione." Akakaa. Agnela akavua tepu shingoni, akapima kutoka chini hadi kwenye goti. "Chukua kile cha pembeni, kimeinuka kidogo. Na umwekee chuma cha kushikia ukutani."

Naftali alinunua kile cha pembeni. Akaomba na namba ya simu, akasema ni kwa ajili ya mapazia.

Mapazia yenyewe yalichukua muda mrefu sana kuzungumzwa.

"Umekula, fundi?"

"Nimekula. Ulipiga kuuliza chakula au mapazia?"

"Nilipiga kusikia cherehani."

"Haya, sikiliza." Agnela akaikanyaga cherehani, na Naftali, karani wa bohari, akasikiliza kama mtu anayesikiliza kwaya.

Nyumba ilikuwa Njiro, kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha. Ramani ilikuwa ya kawaida: sebule, jiko, vyumba vitatu, kimoja cha baba yake, mzee Ephraimu wa Akheri kule mlimani, apate pa kulala akishuka kliniki. Katikati palikuwa na korido fupi yenye ukuta wake, na mlango wa choo ulikuwa nyuma ya ukuta huo.

Jumapili moja baada ya ibada Agnela aliingia humo na viatu vyake vya kisigino, akiruka vumbi la saruji. Alishaingia nyumba nyingi nzuri kutundika mapazia. Akasimama palipokusudiwa jiko.

"Huu ukuta wa nini?"

"Wa korido."

"Unaleta giza. Uondoe, jiko na sebule viwe kitu kimoja. Nikipika nikuone."

"Unione nikifanya nini?"

"Ukinisubiri."

Mwanamume akiambiwa hivyo na mwanamke anayempenda, hafikirii tena mambo ya milango. Jumatatu Naftali alishika nyundo mwenyewe. Ukuta ukaenda. Mlango wa choo ukabaki unatazamana na jiko la gesi, na wote wawili walipita pale mara nyingi wakauona ni mlango tu.

Nyumba ilipokwisha, mzee Ephraimu alishuka kuiona. Wiki tatu baadaye, siku ya Jumamosi, ndiye angeongoza wazee kupeleka posa kwa kina Agnela, Moshono. Alikuja na koti la kahawia, kofia mkononi, mkungu wa ndizi na dumu la maziwa. Agnela alikuwa jikoni, amejifunga khanga juu ya gauni la njano, anapika machalari ya ndizi na nyama. Alimwamkia kwa kupiga goti, macho chini. Mzee akaitikia akitazama dirishani. Ndivyo walivyolelewa wote wawili. Baba wa mume na mke wa mwanawe hawakaziani macho.

Chai ilikuwa tamu. Mzee alikunywa kikombe, akaongezwa, akaongezwa tena, kwa kuwa kukataa mkono wa mkwe si adabu. Kisha akamwinamia mwanawe, akauliza kwa sauti ya chini choo kiko wapi.

"Mlango huo hapo baba, kando ya friji," Naftali akajibu kwa sauti ya mtu anayejivunia nyumba.

Mzee akautazama. Agnela angeweza kuugusa bila kuacha mwiko. Yaani yeye apite mbele ya mkwe wake, afungue, afunge, na yule binti asikie yote.

"Nilitaka kujua tu," akasema.

Akakaa. Baadaye akasema anakwenda kuangalia kiwanja. Huko nje palikuwa na ukuta, geti na madirisha ya jirani. Kwao choo kiko nyuma ya migomba, mtu huenda kama anayekwenda kukata majani. Hapa hapakuwa na mgomba hata mmoja. Akarudi ndani akitembea polepole. Alipoinama kukaa, yale magoti yakakataa, na mwili ukamwachia. Suruali ikalowa, kapeti jipya likalowa.

"Baba jamani," Naftali akapaza sauti kwa kuchanganyikiwa, "choo si hicho hapo? Si ungeingia tu?"

Mzee aliweka kofia mapajani. Jikoni Agnela alizima gesi. Hakugeuka. Akachukua mkoba, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Simu yake iliita, hakupokea. Usiku Naftali akaandika: "Kama baba yangu amekutia kinyaa, sema." Agnela aliusoma ujumbe ule mbele ya cherehani, uso wote ukamwaka. Angejibu nini? Kila alipofumba macho aliona vile vikombe alivyokuwa akivijaza yeye mwenyewe, na mkono wake ukionyesha ukuta. Uondoe. Alishona pazia la mtu upande wa nyuma, akalifumua, akalikosea tena.

Akheri nako mambo yaliharibika. Naftali alipopanda kumkumbusha posa, mzee alikuwa anapogoa kahawa, hakuinuka kwenye kigoda.

"Tafuta wa kuongoza. Mimi sitaingia kwa wazazi wa yule binti. Ameniona vile."

"Baba, ukiwa hai hakuna mwingine wa kukaa kwenye kiti chako. Wataturudisha mlangoni."

"Basi mtarudi."

Naftali akasimama kati ya mibuni, hajui mikono aiweke wapi. "Nilikufokea, baba. Mbele yake. Nisamehe."

"Ilikuwa chai nyingi," mzee akasema, akaendelea kukata.

Ijumaa asubuhi simu ya Naftali ikaita.

"Fungua geti," sauti ya Agnela ikasema. "Kirikuu kinazuia njia ya watu."

Kwenye kile kigari kulikuwa na tofali, mchanga na mfuko wa saruji. Agnela alivaa suruali ya kazi ya kaka yake, kichwani kitambaa.

"Nilijua umetuonea kinyaa," Naftali akasema.

"Kinyaa? Naftali, niliona aibu yangu mwenyewe. Ukuta niliuvunja mimi."

"Nyundo niliishika mimi."

"Kwa maneno yangu. Nilitaka nikuone, nikasahau kwamba na wengine wataonekana. Ningemtazamaje mzee? Ningekutazamaje wewe?"

"Mimi ndiye niliyemfokea, Agnela. Hilo silali nalo."

Naftali akaukamata mfuko wa saruji. "Sasa ukipika hutaniona."

"Utakuja kukaa jikoni, umenye vitunguu. Shika vizuri, mpenzi, usimwage."

Fundi aliujenga ukuta ukarudi ulipokuwa. Mwisho wa korido wakatoboa mlango mdogo wa kutokea uani, ili mtu aingie na kutoka bila kupita sebuleni.

Mzee alikubali kushuka kwa sababu ya kliniki tu, akasema binti asimwone. Kwa hiyo Agnela alikaa jikoni, nyuma ya ukuta wenye rangi mbichi, mikono imetulia mapajani. Alisikia mlango wa uani ukifunguka, fimbo ikigusa marumaru, hatua zikisita.

"Shikamoo, baba," akasema akiuelekea ukuta.

Fimbo ikagonga marumaru mara mbili.

"Marahaba," sauti ikajibu.

Mlango wa choo ukafungwa. Baadaye maji yakashuka. Naftali, sebuleni, alijitia anasoma maandishi ya boksi la biskuti.

"Naftali," mzee akaita akitoka, anajifuta mikono kwenye leso. "Bomba la sinki linachuruzika. Badilisha washa, ule mpira wa ndani. Ukiliacha hivyo ukuta utaota ukungu, na rangi itabanduka kabla ya mwaka."

"Sawa, baba."

Mzee hakuondoka kwenye korido. Aliugusa ukuta kwa kiganja, akaupapasa, kama anatafuta neno humo ndani.

"Binti, kwenu Moshono ni geti lipi? Jumamosi nisije nikagonga kwa jirani."

Agnela alijifunika mdomo kwa khanga mpaka pumzi ikarudi. "La kijani, baba. Ukishapita kanisa."

"La kijani," mzee akarudia. Akakohoa, akavaa kofia yake. "Mwambie mama yako chai asinimiminie kikombe kikubwa."