Njia Yangu mu Maji Ilibaki Bila Muntu

Niko dada wa miaka makumi mbili na ine, mutoto wa wachunga ngombe wa Masisi. Wasomaji, naandika na kasirani, munivumilie... Aliyenivunja moyo si adui. Ni mama aliyenizaa!

Kuogelea nilijifunzia mu ziwa la Mokoto, wakati wa kunywesha ngombe. Wenzangu waliogopa. Mimi nilikuwa navuka mpaka ngambo, Papa yangu akipiga kelele nirudi. Kochi mumoja wa Goma, mwalimu wa kuogelea, akaniona, akanifundisha mu pisini, bwawa la kujengwa, akanipeleka Kinshasa. Nikachaguliwa kuwakilisha inchi yetu ku michezo mikubwa ya dunia! Mita makumi tano. Walinipatia nguo ya michezo yenye jina la Kongo ku mugongo, nikalala nayo.

Kumbe ku nyumba kulikuwa mambo. Familia moja ya Kitshanga ilikuwa imekuja kuniposa, na ngombe nane. Lakini walisema muke wa kijana wao hawezi kuonyesha mapaja mu televisheni, dunia yote ikimutazama. Munazania waliniuliza mimi? Wapi!

Juma ya kusafiri, Mama akanipigia telefone. Sauti chini, anakohoa, anaita Yesu. Akasema wamemulaza ku hospitali ya Mweso, nisipokuja mbio nitakuta kaburi. Kochi alinisihi nitume kwanza muntu akamuone. Nikamujibu vibaya:

"Kama ni mama yako angekuwa anakufa, ungeenda kuogelea?"

 Kochi akasema jina langu hataliondoa, ataningojea mpaka mwisho.

Nikaacha Kinshasa, nikakimbia. Mweso nilizunguka vitanda vyote vya wagonjwa... Mama hayuko. Nikapanda ku nyumba nikilia, nikizania amekwisha kuzikwa. Nikamukuta ku zizi, anakamua! Muzima kabisa! Akacheka: "Karibu, mwanangu. Ona ngombe zako."

Ngombe zangu! Mungu wangu, kwani ni mimi niliziomba?

Nilitaka kurudi saa ile ile, lakini vita ikafunga barabara. Siku ya mashindano nilipanda ku kilima kutafuta rezo ya telefone, nikaangalia mu telefone ya jirani. Wasichana saba wakasimama. Njia ya nane, jina langu ku kioo cha telefone, bendera yetu, na muntu hakuna. Wakaruka. Ile mita makumi tano inaisha kabla hujamaliza sala ya Baba Yetu. Nikaanguka mu majani, nikalia mpaka jirani akaogopa.

Na ndoa? Nilikataa. Wakasema nimelaaniwa. Haikupita siku mingi, watu wenye silaha wakaswaga ngombe zote, zile za mahari, zilikuwa hazijarudishwa, na za Papa. Yule kijana akaoa mwingine. Nikabaki bila michezo, bila bwana, bila hata maziwa ya chai!

Padri ananiambia nisamehe. Nisamehe nani? Mama hajaniomba samahani hata siku moja. Anasema tu: "Si nilikuwa nakutafutia maisha?"

Dada zangu, wakikuita ku nyumba na kilio, tuma kwanza muntu aende aone na macho yake. Usione haya kuuliza. Na ninyi wazazi, nawasihi: mukitaka ngombe, tafuteni ngombe. Musimufunge mutoto na mapendo yake mwenyewe. Mimi nilikimbia kwa sababu nilimupenda Mama. Leo akiniita naitika, naenda... lakini naenda polepole.