Mgeni wa Hema la Tano

Ndoo nzima ya maji ya moto iliingia katika bafu la hema la tano, maji yakasikika yakimwagika ndani, na nje hapakutoka hata tone.

Bi Ndoo aliinama akatazama tena. Nyuma ya mahema mengine manne udongo ulikuwa umelowa, mapovu ya sabuni yakiteremka polepole kuelekea kwenye matete. Hapa palikuwa pakavu. Alipagusa kwa kidole, kidole kikarudi na vumbi.

Wenzake kambini walimwita Bi Ndoo kwa sababu ya kazi yake, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Safari zao zilikuwa za watu wenye nazo: siku kadhaa ndani ya kinamasi, mchana kwenye mitumbwi, usiku katika mahema yenye vitanda vya mbao, mazulia na taa za shaba. Kila jioni yeye hupita nyuma ya hema, hushusha kwa kamba ndoo ya turubai iliyoning'inizwa juu ya nguzo, huijaza maji ya moto, huipandisha tena, na mgeni aliye ndani hufungua koki akaoga. Kati yao ni turubai tu. Haruhusiwi kuchungulia wala kuuliza jina. Husema, "Maji tayari," mgeni hujibu, kisha yeye humalizia kwa maneno ambayo kampuni iliwakaririsha wahudumu wote, maneno yaliyotungwa na mtu ambaye hajawahi kubeba ndoo maishani mwake: "Kila kilichomo kambini ni chako."

Jioni hiyo, katika hema la tano, aliyejibu alikuwa mwanamke. "Mimina, dada," alisema taratibu, kama mtu aliyetoka usingizini.

Lakini wageni wa safari hii walikuwa wanane, wawili wawili katika mahema manne, na wote wanane walikwisha kuoga. Alikuwa anawasikia wakicheka kando ya moto.

Alimfuata mbeba mizigo mmoja aliyekuwa akikunja kamba. "Hili hema la tano mmelisimamisha kwa amri ya nani?"

"Sisi? Tumelikuta limesimama. Tukajua ni kazi ya mumeo. Si ndiye aliyetangulia jana kukikagua kisiwa hiki?"

Kweli, mume wa Bi Ndoo ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, mwanamume mrefu aliyeitwa Darubini kwa sababu kifaa hicho hakikumtoka shingoni hata akila. Na kweli, usiku uliotangulia alilala peke yake kisiwani. Au ndivyo alivyosema.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Misimu miwili nyuma palikuwa na mgeni mmoja wa kike mwenye kofia pana, na simu zilizopigwa baada ya safari kwisha. Darubini alipiga magoti, akalia, akaapa. Bi Ndoo alisamehe kwa mdomo, moyo ukabaki umekaa mlangoni unamngoja ateleze tena.

Walipokuwa wawili tu katika hema lao la wafanyakazi, alimuuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Hema la tano lina nani?"

"Hema la tano lipi?"

"Usinifanye mtoto mdogo, baba watoto. Lile la mwisho, karibu na maji."

Darubini alichungulia nje, akatazama upande ule ule ambao hema lilikuwa limesimama waziwazi. "Mimi nayaona manne. La akiba limo mtumbwini." Akacheka. "Au umeanza kuonja pombe za wageni?"

Darubini alipomgeukia kulala, shati lake lilinuka marashi ya waridi, na chini ya marashi hayo kulikuwa na harufu ya tope la zamani, lile linalotoka ukichimba sana. Bi Ndoo alilala macho wazi akiitafakari harufu hiyo. Marashi aliyaelewa. Tope hakulielewa, akaliacha.

Siku ya pili saa saba mchana kambi ilitulia. Wageni walikuwa wamelala baada ya chakula. Bi Ndoo alisimama na taulo mikononi akamwona mume wake akitoka majini, miguu mitupu, suruali imelowa mpaka magotini, akatembea bila kutazama kushoto wala kulia hadi hema la tano. Zipu ilifunguka, ikafungwa.

Angekwenda kufunua wakati ule, mambo yangekuwa mengine. Lakini kiburi nacho kina miguu yake. Alijiambia kwamba hatamwonyesha mwanamke yeyote machozi yake, akageuka akaenda kukunja taulo, akizikunja kwa nguvu kana kwamba zilimkosea. Baadaye Darubini alitokea upande mwingine kabisa wa kambi, akipiga miayo.

"Nimelala kama gogo," alisema. "Lakini mbona nimelowa?"

"Jiulize mwenyewe."

Jioni hiyo alimimina tena. "Ya moto zaidi kesho, dada," sauti ilisema, na ndani, karibu na sauti hiyo, mwanamume alikohoa kikohozi ambacho Bi Ndoo alikuwa amekizoea miaka kumi na mmoja. Alisema maneno ya kampuni huku meno yamekazana. Udongo ulibaki mkavu.

Siku ya tatu Darubini hakula asubuhi, hakula mchana. Mikono yake ilikuwa baridi. Aliwaonyesha wageni korongo akawaambia ni tai, wao wakatazamana. Mpishi, mwanamume mnene mwenye utani, aliyeitwa Sufuria, alimfuata Bi Ndoo jikoni.

"Mumeo ana nini? Ananipita kama hanioni."

"Anapenda," alijibu Bi Ndoo. "Anayependa kwingine hukosa hamu ya chakula cha nyumbani."

Sufuria alirudi kwenye supu yake. Alikuwa na jambo la kusema, lakini nani anataka kuingilia ugomvi wa mke na mume?

Jua lilipokuwa linazama Bi Ndoo alichemsha maji mpaka mpini wa ndoo ukaunguza mkono. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na maumivu makali sana, maana alimpenda yule mtu, na hilo ndilo lililomchoma. Aliishusha ndoo ya turubai, akaijaza, akaipandisha.

"Maji tayari."

"Mimina, dada."

"Kila kilichomo kambini ni chako," alisema, kisha ulimi ukamponyoka. "Hata huyo mume wangu. Chukua! Mimi nimechoka."

Ndani koki ilifungwa.

"Nimepokea," sauti ilisema.

Vyura wote wa kinamasi wakanyamaza kwa pamoja, na katika ukimya ule Bi Ndoo alisikia kwamba sauti ile haikuwa imetoka ndani ya hema bali chini yake, ardhini, mahali ambapo kwa siku tatu alikuwa akimimina maji bila yeye kujua anamnywesha nani, na hapo ndipo miguu yake ilipozunguka mbele yenyewe, mikono yake ikavuta zipu yenyewe, akaona kitanda kilichotandikwa kwa mikunjo yake mwenyewe ya shuka, kitanda ambacho hakuwahi kukitandika, taulo kavu, zulia kavu, nyayo za tope zikiingia kutoka mlangoni hadi katikati ya hema na zisitoke popote, na kwenye nguzo, ukanda wake ukichuruzika maji, ile darubini ambayo mume wake hakuwahi kuivua hata akila.

Alikimbia akipiga kelele. Darubini walimkuta majini, maji yamemfika kifuani, ameelekeza uso kwenye mafunjo, anatabasamu. Sufuria na wabeba mizigo wawili walimvuta hadi nchi kavu. Alikuwa mzito kupita mwili wake. Walimlaza akiwa macho wazi, asiyepepesa kope, asiyejibu jina. Wageni waliambiwa ni homa.

Sufuria alimshika Bi Ndoo mkono, akampeleka kwenye mtumbwi wa mizigo. Alifunua turubai. Chini yake hema la akiba lilikuwa limekunjwa, limefungwa kwa mafundo ya Bi Ndoo mwenyewe, halijaguswa tangu walipoanza safari.

"Basi lile lililosimama pale ni la nani?" alinong'ona Bi Ndoo.

"Ni la mwenyewe wa kinamasi. Mumeo alikuwa halioni?"

"Alisema anaona manne."

"Aliyechaguliwa halioni." Sufuria alijifuta jasho. "Mama yangu alikuwa mganga, shemeji. Nilikimbia majini yake nikaja kukaanga mayai, na tazama yalivyonifuata. Sasa niambie, na usinifiche. Ulimwambia nini?"

Alimwambia. Sufuria akashika kichwa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umempa mume!"

"Nilidhani ni mwanamke."

"Ni mwanamke. Ila si wa kwetu." Alitazama hema, akateremsha sauti zaidi. "Hatuwezi kumfukuza. Umemkaribisha siku tatu, umemwogesha, huyo ni mgeni halali. Mgeni huagwa. Asubuhi tutamuaga kama tunavyowaaga wengine wote, hema likunjwe, vitu vyake vipakiwe. Nawe utayarudisha maneno yako kwa mdomo wako, mbele ya watu. Na sikiliza hili vizuri. Yale maneno mengine tunayowaambia wageni wakiondoka, usiyaseme. Mtu yeyote asiyaseme."

Bi Ndoo alikesha ameushika mkono baridi wa mume wake. Alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia tangu ile habari ya kofia pana. Alimwambia kwamba alikuwa hajamsamehe, na kwamba sasa anamsamehe, na kwamba asipozinduka atamlaumu mpaka kaburini. Darubini hakupepesa kope.

Jua lilipochomoza walijipanga kwenye ukingo wa maji, wafanyakazi wote, mstari mmoja, kama wanavyofanya kila wageni wanapoondoka. Bi Ndoo aling'oa vigingi vya hema la tano kimoja kimoja. Kila alipong'oa kimoja, tundu lake lilivuta pumzi. Kisha alisema kwa sauti iliyosikika kambi nzima.

"Nilisema kwa hasira. Kilichomo kambini ni chako. Huyu si wa kambi, nilitoka naye nyumbani kwangu. Namtaka mume wangu."

Hema lililala lenyewe. Walilikunja, likiwa na baridi kama samaki, wakaliweka katika mtumbwi mdogo kuliko yote pamoja na taulo na sabuni mpya, wakausukuma. Hapakuwa na upepo wala mpiga kasia. Mtumbwi ulikwenda kinyume na mkondo, moja kwa moja kuelekea kwenye mafunjo, umezama hadi karibu na ukingo kana kwamba umebeba watu watatu wanene. Wageni wanane walidhani ni tafrija waliyoandaliwa. Walipiga makofi, wakapiga picha.

Hapo nyuma, katika hema la wafanyakazi, mtu alipiga chafya.

"Mama watoto," sauti ya Darubini iliita, dhaifu, yenye kukwaruza, yake kabisa. "Hivi hapa kambini hakuna hata chai?"

Furaha iliyompanda Bi Ndoo haikuwa na mfano. Machozi yalimtoka, akacheka, mkono wake ukajikuta uko juu unapunga pamoja na mikono ya wenzake, na mdomo wake, uliozoea kwa miaka kumi na mmoja, ukasema kwa uchangamfu uleule wa siku zote:

"Karibu tena!"

Sufuria aligeuka polepole akamtazama. Kule mbali mtumbwi ulisimama. Ulisimama kwa muda wa mtu kuitikia kwa kichwa, kisha ukaingia ndani ya mafunjo na hawakuuona tena.

"Labda hakusikia," alisema Bi Ndoo.

Sufuria aliokota mwiko wake akaenda kuchemsha chai.

Wiki mbili zilipita. Darubini alirudiwa na rangi yake na utani wake. Alikula, alilala, alipepesa kope. Nyumbani watoto walimpanda mabegani, na Bi Ndoo akaacha kunusa mashati yake, jambo alilokuwa akilifanya kwa misimu miwili. Hata akaanza kuimba akifua.

Jioni moja mume alirudi na vumbi la barabara, akaomba maji ya kuoga. Bi Ndoo alichemsha, akambebea ndoo hadi mlangoni mwa bafu, Darubini akaipokea akimtania kwamba leo hamlipi bakshishi. Mlango ulifungwa. Kata ikagonga ndoo, maji yakaanza kumwagika.

Bi Ndoo alizunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo. Alikuwa na shuka begani na vibanio vya nguo mdomoni alipopita karibu na bomba linalotoa maji ya bafu. Hakuwa na sababu ya kulitazama. Alilitazama tu.

Ndani, maji yalimwagika, yakamwagika tena. Bomba halikutoa hata tone. Sementi iliyo chini yake ilikuwa nyeupe, kavu, na sisimizi mmoja alikuwa anakatiza juu yake bila haraka.

Vibanio vilimdondoka. "Baba watoto?"

"Naam?" alijibu Darubini kutoka ndani. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu anayesinzia.

"Upo peke yako?"

Maji yalikoma. Harufu ya waridi ilipita katika dirisha dogo la bafu, na nyuma ya waridi, tope.

"Tumeitikia mwaliko, dada," sauti nyingine ilisema, taratibu, karibu kabisa na ya mume wake. "Mimina."

Bi Ndoo aliziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, akaubana kwa nguvu, maana yale maneno ya miaka kumi na mmoja, "Kila kilichomo...", yalikuwa tayari yamefika kwenye ulimi.