Uzito wa Baba Asifiwe

Sedekia aliishi Ngana, wilaya ya Kyela, pamoja na mke wake Rut na binti yao Asifiwe. Zamani alikuwa mkulima wa mpunga. Kila msimu wa mavuno alipakia magunia kwenye baiskeli na kuyasukuma hadi mjini. Rafiki yake Andongwisye alikuwa naye njia nzima. Walipita kwenye matope wakitaniana, na jasho likiwatoka.

Kisha biashara ikafunguliwa. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua kakao. Sedekia alianza na mizani ya kuazima. Baada ya miaka michache alikuwa na ghala lake, mizani yake kubwa ya magunia, na pikapu ya kijani.

Maisha yakabadilika. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa yenye sukari nyingi, pamoja na vitumbua. Kisha alipanda gari. Njiani alisimama kula maandazi. Alipowasubiri wakulima walete kakao, alikunywa soda na kula nyama ya kuchoma. Jioni Rut alimpakulia mlima wa wali na samaki wa kukaanga kwa mawese.

Tumbo lake likakua. Watu walimsifu.

"Umenawiri, bwana! Biashara imekukubali!"

Sedekia alicheka. Sifa hizo zilimpendeza.

Masika moja, baba mdogo wa Rut, mzee Zebedayo, alifariki huko Busale. Sedekia na Rut walikwenda msibani. Huku kwetu wanaume huchimba kaburi kwa kupokezana, na mkwe hawezi kukaa kando. Zamu yake ilipofika, Sedekia alivua koti, akaingia shimoni, akashika jembe.

Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Alichimba kidogo tu, pumzi ikamwishia. Moyo ulimdunda mpaka masikioni.

"Nipokeeni," alisema.

Aliweka mikono ukingoni, akajaribu kujiinua. Hakuweza. Alijaribu tena. Ukingo ukabomoka, akarudi chini kwa kishindo. Vijana wawili wakamshika mikono. Mwingine akaingia shimoni na kumsukuma kwa nyuma. Walimvuta kama gunia. Suruali yake ikachanika.

Mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka.

Wazee walimkemea mtu yule. Kucheka kaburini ni jambo baya sana. Lakini Sedekia alijua kicheko kile kimetoka kwa ajili yake. Alisimama pale mbele ya wakwe zake, amepakaa matope, ameshika suruali kwa nyuma. Hakujua aangalie wapi.

Tangu siku hiyo hakutaka kwenda msibani. Kila mara alipata sababu. Mara gari ni bovu, mara ana mzigo wa kupokea.

Miezi michache baadaye ikaja habari mbaya. Andongwisye amefariki. Alianguka ghafla shambani, upande mmoja wa mwili ukafa, na hakuzinduka tena.

Sedekia alilia. Rut akavaa kitenge chake cha msiba.

"Twende, Baba Asifiwe. Watu wamekwisha kusanyika."

 Sedekia aliliona lile shimo la Busale. Aliona mikono ikimvuta.

"Tangulia wewe," alisema. "Peleka gunia la mchele na sukari. Mimi nitakuja."

Hakwenda. Andongwisye alizikwa bila yeye.

Jioni Rut alirudi. Alikaa kwenye kigoda.

"Walisemaje?" Sedekia aliuliza.

"Walishukuru kwa mchele."

"Halafu?"

Rut alimtazama. "Mtu mmoja alisema kwamba siku hizi unazika kwa magunia. Nilikuwa nimekaa na wanawake wenzangu. Wote walisikia. Nilitamani ardhi inimeze."

Sedekia alifunika uso kwa mikono.

"Siendi kwa sababu naona aibu," alisema. "Nitashuka vipi kaburini? Na nisiposhuka, watu watasema nini?"

"Najua," alisema Rut. "Lakini Andongwisye alikuwa ndugu yako."



Baada ya siku hizo, kichwa kilianza kumuuma sana kisogoni. Akipanda ngazi ya ghala, alihema. Rut hakungoja ruhusa yake. Alikwenda kumwita jirani yao, Elizabeth, ambaye ni nesi katika zahanati. Elizabeth alikuja na kipimo cha presha ndani ya kikapu.

"Mugonile," alisalimia mlangoni kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, karibu," alijibu Rut.

Elizabeth alimfunga Sedekia kitambaa cha kipimo mkononi, akajaza hewa, akasikiliza. Alingoja kidogo, akapima tena.

"Baba Asifiwe, presha yako iko juu. Kesho njoo zahanati umwone mganga. Huenda ukapewa dawa. Ukipewa, usiziache hata ukijisikia vizuri."

"Presha inatoka wapi? Mimi sina mawazo."

"Presha ina sababu nyingi. Kwako wewe naona uzito umezidi. Moyo unasukuma damu kwenye mwili mkubwa, na mwili wenyewe haufanyi kazi. Chumvi na mafuta navyo vinachangia. Presha ikiachwa, mshipa unaweza kupasuka au kuziba kichwani. Hicho ndicho kiharusi. Una kilo ngapi?"

Sedekia hakujua. Alikuwa amepima kakao ya tarafa nzima, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kujipima.

Mizani ya watu wazima pale zahanati ilikuwa mbovu, kwa hiyo walikwenda ghalani. Sedekia alimwambia Rut afunge mlango kwanza. Alivua viatu, akapanda juu ya mizani, pale panapokaa magunia. Elizabeth alisogeza jiwe la mizani. Likaendelea kusogea. Lilipita mia moja, likasogea tena.

"Inatosha," alisema Sedekia, na akashuka haraka.

"Huna haja ya kujificha kwangu," alisema Elizabeth. "Uzito huu haukuja kwa siku moja, na hautaondoka kwa siku moja. Sitaki ushinde na njaa. Nataka mambo mawili. La kwanza, andika kila kitu unachokula na kunywa. Kila kitu. La pili, andika kila unapotembea kwa miguu, au unapofanya kazi ya kutoa jasho. Mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula, jipime hapa."

"Kuandika kunapunguza nini?"

"Mtu husahau anachokula. Ukiandika, utaona mwenyewe mahali pa kupunguza."

Nyuma ya mlango wa ghala kulikuwa na ubao mweusi wa kuhesabia magunia. Sedekia aliugawa kwa chaki sehemu mbili. Upande mmoja aliandika CHAKULA. Upande wa pili aliandika MIGUU.

Alianza siku hiyohiyo, na kesho yake mganga wa zahanati akampa vidonge vya presha. Rut naye alibadilisha mapishi. Alipunguza mawese na chumvi. Nusu ya sahani aliijaza majani ya maboga au mchicha. Wali ukawa wa kiasi cha ngumi. Samaki alimchemsha na nyanya.

Wiki ziliendelea. Elizabeth alikuja ghalani pamoja na Rut kuangalia. Sedekia alipanda mizani. Jiwe halikurudi nyuma. Lilikuwa limesogea mbele kidogo.

Elizabeth aliusoma ubao polepole. Mchicha. Wali kidogo. Chai bila sukari. Kutembea hadi kanisani.

"Chakula hiki ni kizuri," alisema. "Mtu anayekula hivi hawezi kuongezeka. Kuna kitu hakijaandikwa?"

"Hakuna."

Rut aliinama, akachukua koti la mume wake lililokuwa juu ya gunia. Alilikung'uta. Chenga za maandazi zikaanguka sakafuni.

 Sedekia alihisi masikio yakiwaka moto. Ilikuwa kama yuko shimoni tena, ila safari hii aliyesimama juu ni mke wake.

"Asifiwe anaingia humu ndani," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Anajua kusoma. Sikutaka mtoto wangu asome kwamba baba yake amekula maandazi sita akiwa amekaa garini. Na soda. Na nyama. Niliona aibu."

"Pole," alisema Elizabeth. "Wagonjwa wangu wengi hufanya hivyo. Wengine hunidanganya hata kuhusu vidonge. Lakini ubao huu ni wako, Baba Asifiwe. Ukiudanganya, mwili haudanganyiki."

Rut alichukua chaki, akampa mumewe. Sedekia aliandika. Maandazi. Soda. Soda. Nyama.  Alipomaliza, walisimama wote watatu wakiutazama ubao. Kila kitu kilikuwa wazi sasa. Nyumbani alikuwa anakula vizuri. Uzito ulikuwa unaingilia barabarani. Na upande wa MIGUU ulikuwa mtupu karibu wote. Kutoka kitandani alikwenda garini, na kutoka garini alikwenda mezani.

"Basi tuanze na barabarani," alisema Rut. "Nitakufungia ndizi za kuchemsha na maji. Ukihisi njaa, kula hizo."

"Na wakulima wa karibu wafuate kwa miguu," alisema Elizabeth. "Tembea mpaka jasho lianze kutoka, lakini bado uweze kuongea. Usikimbie. Kifua kikikuuma, au kizunguzungu kikikushika, simama na uje kwangu."

Sedekia aliacha pikapu ghalani. Mara ya kwanza alifika daraja la karibu tu, akakaa kwenye jiwe. Watoto waliokuwa wakitoka shule walimpita wakimtazama. Mtu mmoja akamwuliza kama gari limeuzwa. Aliona aibu, lakini jioni aliandika: Darajani. Siku nyingine aliandika mbali zaidi. Akaanza pia kulima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, yeye mwenyewe, kwa jembe.

Siku alipokula nyama ya kuchoma, aliandika nyama ya kuchoma. Asifiwe alisoma.

"Baba, leo umekula nyama."

"Ndiyo, mwanangu. Kesho nitatembea zaidi."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, akaenda kucheza. Hakucheka. Sedekia alishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa dogo.

Jiwe la mizani likaanza kurudi nyuma, taratibu. Presha ikashuka. Maumivu ya kisogo yakaisha. Suruali zikaanza kumvuka.

Hapo ndipo aibu nyingine ilipokuja. Miaka ile, mtu akikonda, watu walinong'ona habari ya UKIMWI. Mfanyabiashara mwenye gari, anayesafiri hadi mpaka wa Malawi, akikonda ndiyo kabisa. Watu walimwamkia kwa mbali. Kisimani wanawake walinyamaza Rut alipofika. Siku moja alirudi na ndoo nusu, machozi yakimtoka.

"Wameniuliza kama na mimi nimeanza kuumwa," alisema.

Sedekia alikasirika. "Basi naacha! Nilikuwa mnene, wakanicheka. Sasa nakonda, wananizika mzima."

Akamwendea Elizabeth, akamweleza yote.

"Hata mwenye ugonjwa huo hastahili kunyooshewa kidole," alisema Elizabeth. "Nawahudumia, nawajua, ni watu kama mimi na wewe. Lakini wewe niambie. Kuna mtu umemwambia kwamba una presha?"

"Hapana. Ni wewe na Mama Asifiwe tu."

"Basi watu watajuaje? Umewaachia wabuni wenyewe."

Sedekia alirudi nyumbani akiwaza. Kulikuwa na nyumba moja aliyopaswa kwenda kwanza, na alikuwa ameikwepa kwa miezi mingi.

Jumapili baada ya ibada, yeye na Rut walikwenda kwa miguu hadi kwa Marta, Mama Yohana, mjane wa Andongwisye. Ilikuwa mbali, lakini Sedekia hakupumzika njiani. Walimkuta Marta na shemeji zake wamekaa barazani. Mazungumzo yakakatika.

Sedekia hakukaa. Alibaki amesimama.

"Mama Yohana, nimekuja kuomba radhi. Sikumzika ndugu yangu. Nilituma mchele, mimi mwenyewe sikuja. Gari halikuwa bovu, ingawa ndivyo nilivyozoea kusingizia. Nilikuwa mnene kiasi cha kushindwa kutoka kaburini kule Busale, na nikaogopa kuchekwa tena. Aibu yangu niliiweka mbele ya rafiki yangu."

Marta alimtazama.

"Mchele tuliula ukaisha," alisema. "Nilikutafuta kwa macho mpaka kaburi lilipofunikwa. Yeye angekuja kwako hata kwa kutambaa."

"Najua, mama."

"Kaa basi. Umekuja."

Wakakaa. Binti wa nyumba akaleta chakula. Marta alimpakulia mgeni wali mwingi, akamwagia mchuzi wenye mafuta. Shemeji zake walikuwa wanamtazama Sedekia, mashavu yake, shingo yake. Alijua wanawaza nini.

Zamani angekula wote ili asiseme kitu.

"Ndaga fijo, asante sana, mama," alisema kwa sauti ya kusikika. "Naomba unipunguzie wali, na mchuzi uwe kidogo. Nina presha ya damu. Nesi amenifundisha kupima ninachokula na kutembea kila siku. Ndiyo maana nimepungua."

 Marta alibaki ameshika upawa. 

"Presha," alisema. "Na yeye aliambiwa hivyo hivyo, hospitalini. Nilikuta vidonge vyake kwenye koti baada ya kumzika. Vilikuwa havijaguswa. Hakuniambia. Alikuwa fundi wa kucheza ngoma, mwanamume wa kusifiwa. Aliona aibu kuitwa mgonjwa."

Rut alimshika mkono. Wanawake hao wawili walilia kidogo pamoja.

Kisha Marta akajifuta uso. Alipunguza wali kwenye sahani ya Sedekia, akaongeza majani ya maboga mpaka yakajaa nusu. Shemeji yake mkubwa, Isaya, mwenye tumbo lililobana vifungo vya shati, akasogeza kiti chake karibu.

"Bwana Sedekia," alisema, akiangalia chini. "Mimi kisogo kinaniuma kila asubuhi. Huyo nesi anapatikana siku gani?"