Aliyejiandika Amerudi

Usiamini. Watu wa aina yako hamuamini kitu mpaka kiwakalie kitandani. Lakini kamuulize mlinzi wa geti la mlima, kama bado anaongea na watu.

Kulikuwa na kiongozi wa wapanda mlima, jina la kazi Kamanda. Hakuogopa kitu, kwa maneno yake mwenyewe, na maneno alikuwa nayo mengi. Getini kuna daftari: ukipanda unaandika saa, ukishuka unaandika saa. Siku moja Kamanda, kwa uvivu, alijaza zote mbili asubuhi. Siku hiyo akaandika: amerudi saa tisa.

"Mwanangu," mlinzi akamwambia, "usiandike umerudi na hata hujaenda. Hilo daftari lina wasomaji wengine."

"Akina nani, nyani?"

"Cheka tu."

Akapandisha wahasibu watatu wenye viatu vipya na mapafu ya kuazima. Kila kona wanapumzika, kila jiwe wanapiga picha. Saa tisa ikawakuta ndiyo kwanza wako kileleni. Chini, mto, barabara na mji mzima vilikuwa wazi kama nguo zilizoanikwa. Kamanda akaazima darubini ya mhasibu mmoja, awaringie nyumba yake: bati jekundu, kando ya tangi la maji.

Akaiona. Akaona na mtu mwenye koti la njano kama lake, anachechemea kama yeye, akibisha hodi. Mkewe akafungua, akampokea begi.

"Vipi, Kamanda? Umeona nini?"

Aliteremka mbio, wahasibu nyuma wakililia magoti yao, na kila kona harufu ya jiwe lililolowa ilimtangulia kana kwamba kuna mtu kapita sasa hivi, na getini mlinzi akamtazama, akatazama daftari, akarudi nyuma mpaka ukutani akinong'ona, "Wewe umeshapita, umenisalimia," naye hakusimama, akakimbia hadi kwake, jua bado linawaka, akagonga mlango wake mwenyewe, na kutoka ndani sauti yake mwenyewe ikauliza taratibu, "Nani?"

"Mke wangu, fungua. Huyo uliye naye si mimi."

Mke akasukuma komeo. "Kaka," akamwambia kaka yake, lile jitu la kushinda kwenye kochi, "hebu chungulia."

Kaka mtu akachungulia dirishani. "Simjui. Mwizi tu."

Majirani wakamtoa mbio kwa mawe. Hajaonekana tena.

Hapo ndipo huwa naishia. Ninachoruka ni kwamba jitu la kochini ni mimi. Dada yangu anaishi na yule mwingine hadi leo. Shemeji yangu nilimtambua papo hapo, tope lake, jasho lake, magoti yaliyochubuka. Yule wa ndani hakuwa na tope hata chembe, na kwenye joto lote lile pumzi yake ilitoka moshi kama ya mtu aliye kileleni. Alikuwa ameniwekea mkono begani. Wala hakunitisha. Aliniuliza tu, kwa upole, "Shemeji, unamjua huyo?"