Usingizi Mzito wa Mashine ya Shemeji

Mimi ni fundi, na sisemi kwa kujisifu, ila ukikaa na mimi robo saa utanisifu mwenyewe bila kuombwa. Simu ikitumbukia kwenye chai naitoa, naikausha, na inarudi kwa mwenyewe ikiwa inajua kuogelea. Redio iliyokufa tangu enzi za babu naigusa tu, inaanza kusoma taarifa ya habari kuanzia pale ilipoishia. Shule sikumaliza, hilo halina siri. Walimu waliniomba niondoke ili wapate kufundisha kwa amani. Lakini kompyuta nazijua, na katika kompyuta naijua ile Linux, mfumo wa kuendeshea mashine ambao mafundi wenzangu wakiuona tu wanakumbuka ghafla kwamba wana mgonjwa wa kumwona hospitali.

Kwa hiyo dada yangu aliponifuata kibandani, jua likiwa utosini na mimi nimezamisha pua kwenye matumbo ya pasi, nilijua kuna kazi imewashinda watu.

Dada ni mkubwa kwangu. Ndiye aliyenilea, na makofi aliyonipiga utotoni ukiyapanga mstari unafika mpakani. Mumewe, yaani shemeji yangu, tulimwita Spika, kwa sababu kazi yake ilikuwa sauti. Ile sauti nzito ya stendi inayosema abiria mnaombwa, ndiye yeye. Tangazo la sabuni, la godoro, la dawa ya kikohozi, yote yalitoka koo moja. Akikusalimia asubuhi, vikombe vinatetemeka kabatini mpaka kwa jirani.

Alikuwa amefariki. Siku zilikuwa bado zile ambazo watu wakikutana na dada wanamshika mkono kwa mikono miwili na kusahau kuuachia.

Kwa mtu mwenye kelele vile, alikufa kimya mno. Alikuwa anarekodi baada ya chakula cha mchana, akasikia uzito, akailaza kompyuta, naye akajilaza kwenye kochi pembeni yake. Akamwambia dada, "Najinyoosha kidogo." Dada akaenda kuosha vyombo. Aliporudi akagusa kibodi, kompyuta ikaamka. Mume hakuamka.

"We mtoto," dada akasema, amesimama mlangoni pa kibanda. "Kompyuta inaweza kulala bila umeme?"

"Inategemea imekula nini."

Hakucheka. Na dada yangu hucheka hata nikikohoa.

"Sitaki utani. Ile ya Spika sijaizima tangu siku ile. Imelala tu. Umeme ukikatika inashikwa na lile boksi la betri, na betri yenyewe imechoka, inaanza kulia kabla sijapata kiberiti. Nataka alale usingizi ambao hata ukichomoa waya, akiamka anaamka yule yule."

Ulimi umeteleza, nikasema moyoni. Nikachukua bisibisi zangu tukaondoka.

Sasa sikia, hapa nakufundisha bure, kwa wengine natoza. Kompyuta ina usingizi wa aina mbili. Kuna usingizi mwepesi: skrini inazima, feni inanyamaza, lakini kumbukumbu inabaki inakula umeme kidogo kidogo, na taa ya mbele inawaka na kufifia polepole kama mtu anayepumua. Umeme ukikata, kila kilichokuwa wazi kimekwenda na maji. Halafu kuna usingizi mzito. Huo, mashine inanakili kumbukumbu yake yote kwenye diski, kisha inajizima kabisa. Unaweza kuichomoa, ukaibeba kichwani ukazunguka nayo dunia, ukiiwasha inaendelea palepale. Ila kwenye Linux huo usingizi mzito hauji wenyewe. Lazima uutandikie kitanda kwenye diski, kitanda kikubwa kutosha kumbukumbu nzima, na lazima uielekeze mashine kwamba ikiamka ianzie kitandani. Ukikosea maelekezo, inawaka kama mtoto mchanga, inafuta kila kitu, na hakuna kurudi.

Chumba cha Spika kilikuwa kimebandikwa trei za mayai ukuta mzima ili sauti isirudi. Ukiongea humo, maneno yanaanguka miguuni. Maiki ilining'inia kwenye mkono wa taa ya mezani. Kochi lilikuwa palepale. Chini ya meza, ile taa ndogo ilikuwa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia.

"Dada, mbona hii kazi ndogo," nikasema. "Kama kuna kitu alirekodi, tunakihifadhi, tunazima, tunakunywa chai."

"Nilishahifadhi. Nikifungua nilichohifadhi, kimya kitupu."

"Basi hakuna kitu."

Akaniangalia kama zamani nilipokuwa nadanganya nimeoga. Akafunga mlango. Akavuta pazia. Kisha akabonyeza kitufe kimoja cha kibodi.

Feni ikavuma. Skrini ikaja. Programu ya kurekodia ilikuwa wazi, mstari wake wa sauti umelala chali kama uzi. Dada akakaa kwenye ukingo wa kochi, akajiwekea kidole mdomoni ili ninyamaze.

Mstari ukacheza.

Kwenye spika mtu akasafisha koo.

"Nimepitiwa, bibie?"

"Kidogo tu," dada akanong'ona.

"Ungeniamsha."

"Ulikuwa umechoka, bwana."

"Nikimaliza hii tutoke, tukapate hewa."

"Sawa. Tutatoka."

Mstari ukalala. Dada akabonyeza tena, feni ikanyamaza, taa ikaanza kupumua. Mimi, ambaye siku moja nilishika nyaya za transfoma nikaiomba radhi kwa kuipiga shoti, nilijikuta nimekaa sakafuni. Sikumbuki kukaa.

"Ni hivyo kila nikimwamsha," dada akasema. "Maneno machache, anarudi kulala. Hajui."

"Hajui nini?"

Dada akakunja upindo wa gauni lake, akaukunjua, akaukunja.

"Betri ile ikifa," akasema, "namzika mara ya pili. Na hiyo nguvu mimi sina. Kwa hiyo fanya kazi, Profesa."

Profesa ndilo jina analonitania nalo. Siku ile halikuwa utani.

Nikafanya. Nikaandika amri moja na herufi za ziada za kutosha kuanzisha lugha mpya. Nikaiamsha mashine huku dada amesimama nyuma yangu. Safari hii Spika hakusema kitu, lakini maiki ilikuwa inasikiliza, nami nikawa nafanya kazi kwa ncha za vidole kama mwizi. Nikatandika kitanda kwenye diski. Nikaitajia mashine mahali pake hasa. Jaribio la kwanza ikasinzia na kuamka hapohapo, kumbe mausi inatikiswa na mtetemo wa meza. Nikainyima mausi ruhusa ya kuamsha watu. Nikainyima na kibodi. Nikakagua maelekezo ya kuamkia, nikayakagua tena, nikamwita dada ayakague, yeye ambaye kwenye kompyuta hajui zaidi ya kuhifadhi na kufuta vumbi.

"Yako sawa," akasema, ili anipe moyo.

Nikatoa amri.

Diski ikakwaruza kwa muda. Ikakwaruza. Kisha ikatulia, na taa ya mbele ikazimika.

"Mbona taa imezimika?"

"Ndio usingizi wenyewe, dada."

"Hapumui."

"Huku hakuna haja ya kupumua."

Nikachomoa waya ukutani. Nikachomoa na boksi la betri. Chumba kilikuwa kimya namna ambayo nilisikia kope zangu zikigongana. Dada alikuwa ameshika mkono wa kochi, vidole vimeingia kwenye sponji. Nje, mtu alipita akicheka na simu, na kile kicheko kilikuwa kama kinatoka dunia ya jirani.

Tukasubiri kidogo, ili iwe kweli. Nikachomeka. Nikabonyeza.

Skrini ikaandika maandishi yake meupe. Inasoma kumbukumbu. Inasoma. Kisha, mwenzangu, madirisha yote yakarudi yalivyokuwa, hata kile kishale cha mausi kilikuwa kimesimama palepale. Nilitaka kurukaruka. Katika mji mzima hakuna fundi angeweza. Nikageuka nimwambie dada hivyo.

Alikuwa anaangalia mstari wa sauti. Haukucheza.

Haukucheza.

Ulipocheza, ulicheza kidogo sana.

"Bibie."

Sauti haikuwa na ule uzito. Ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa amelaliwa na gunia.

"Nipo."

"Nani amezima?"

Dada akaachia mkono wa kochi.

"Kila nikilala nakusikia," akasema. "Unaosha vyombo. Unakohoa. Unakaa hapa unalia, nikadhani naota. Safari hii sikusikia kitu. Hata giza halikuwepo."

"Bwana..."

"Nilitaka kuvuta pumzi. Sikupata pa kuivutia."

Mimi ndiye niliyemtandikia kile kitanda. Sikuthubutu kujikuna.

"Bibie. Siku ile. Niliamka?"

Niliuona mdomo wa dada ukijiandaa kwa uongo. Ulikuwa uongo alioshauzoea, umeshalainika mdomoni. Ukafika kwenye meno, ukakwama hapo.

"Hapana," akasema. "Nilikuita. Nikakutikisa. Nikakumwagia maji usoni. Hukuamka."

Mstari ukacheza.

"Kumbe ndiyo yale maji," akasema.

Dada akacheka. Nakuapia alicheka, kicheko kifupi, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko, akajiziba kinywa kwa mikono miwili.

"Usinirudishe kule," Spika akasema.

"Sikurudishi. Nitakuwa nakulaza kama zamani, usingizi mwepesi, utakuwa unanisikia. Huyu Profesa atatafuta betri nyingine, kubwa."

"Nakusikia. Ndiyo maana nasema. Wewe hulali, bibie. Mimi nalala, wewe unakesha unanichunga. Nizime."

"Nikikuzima unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Kule kule?"

"Kule nilikuwa nimewekwa. Sasa nitakuwa nimeondoka. Sijui. Labda si kulekule."

Dada akapiga magoti mbele ya mashine, akaegemeza paji la uso kwenye meza, mbele ya maiki. Walinong'onezana mambo ambayo sikuyasikia, na kama ningeyasikia nisingekuambia. Mwisho akainua kichwa.

"Sema basi ile ya stendi," akamwambia. "Mara moja tu."

Akasafisha koo. "Abiria wote mnaosafiri," akaanza, na lile koo likarudi, lile lenyewe, trei za mayai zikavuma ukutani. "Mnaombwa..."

Hakumaliza. Mstari ulibaki unatetemeka, kama mdomo wa mtoto anayezuia kilio.

Nilinyoosha mkono nimsaidie dada. Akaupiga kofi. Akashika mausi mwenyewe, akatafuta polepole pa kuzimia, si pa kulazia. Mashine ikauliza kama kawaida yake: kuna kazi haijahifadhiwa, itapotea, una hakika?

Dada alisoma lile swali kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Akalisoma tena.

Akabonyeza ndiyo.

Feni ikapunguza mwendo. Ikapunguza. Ikasimama.

Alikaa pale mpaka chumba kikapoa. Kisha akaniambia niiondoe nyumbani kwake, hawezi kuipita akienda jikoni. Nikaibeba kama mtoto hadi kibandani. Siku iliyofuata nikaiwasha. Iliwaka bila dirisha hata moja wazi, kama iliyotoka dukani asubuhi, kitanda cha kwenye diski hakina hata shuka. Nikakifuta na hicho kitanda chenyewe. Nikazima, nikasema nipulize na vumbi, maana mimi kila mashine inayoingia kwangu naipuliza, hata ya adui yangu.

Nilikuwa nalegeza skrubu za ubavuni dada alipoingia. Uso wake ulikuwa umevimba usingizi, shavu lina alama za mto. Amelala. Tangu msiba sijawahi kumwona hivyo.

Skrubu zile zilikuwa hazijafunguliwa tangu kiwandani. Zilishikwa na kutu, zikalia kila nilipozizungusha. Nikalivuta lile bati la ubavuni, nikaligeuza.

Upande wa ndani lilikuwa na vumbi la miaka, nene kama blanketi. Katikati ya vumbi palikuwa na alama ya kiganja.

Kiganja kizima, vidole vyote, kimebandikwa kutoka ndani kikielekea nje. Nikarudisha bati mahali pake nipime. Kati yake na vyuma vya ndani hapapiti hata unene wa shilingi.

Dada alilichukua mikononi mwangu. Akaliinamisha kwenye mwanga.

"Kidole cha mwisho kimepinda," akasema.

Spika alibanwa kidole na mlango wa gari, kabla hata ya kumwoa. Hakikunyooka tena. Mimi nilikuwa nimesahau, yeye hakusahau.

Akaweka kiganja chake upande wa pili wa bati, penye rangi, akatulia hivyo. Wateja wawili walikuja, wakaangalia, wakaondoka bila kusema shida yao. Sijui kama yule mtu alikuwa anasukuma atoke, au alikuwa anaaga. Nilimuuliza dada. Alisema nyamaza.

Mashine iko kibandani mpaka leo, ubavu wazi. Wakiniuliza kwa nini, nawaambia inapunga upepo. Bati analo dada, amelisimamisha nyuma ya kabati la nguo. Anasema vumbi jipya linashika bati lote, ila pale mkono ulipo halishiki.