Fataki Zangu Kwenye Harusi ya Mwanaidi

Nina umri wa miaka thelathini na mbili, mwenyeji wa Bagamoyo. Ndugu wasomaji, haya ninayowasimulia yananiunguza hadi leo...

Niliondoka hapa nikiwa mchukuzi wa pembe za ndovu. Hakuna aliyenishika mkono. Nilifika Bombay kwa jasho langu, mchana nikafanya kazi karakana, jioni nikasoma, mpaka nikapata shahada ya ufundi wa mitambo ya meli. Ni wangapi pwani hii wanayo? Mimi simjui mwingine.

Nilirudi wakati mdogo wangu, Mwanaidi, anaozwa. Nikaja na kasha la fataki za kuruka angani. Nilitaka mji mzima ujue nani amerudi.

Mjomba Shomari, aliyetulea baada ya baba kufariki, aliliona kasha uani akaguna.

"Mwanangu, hizi zipeleke ufukweni. Kaskazi inavuma na makuti yamekauka."

"Huko ufukweni niwaonyeshe kaa, mjomba? Wakwe watakuwa hapa."

"Basi jaza hata mitungi ya maji."

"Nina shahada ya moto na mvuke. Maji ya nini?"

Akacheka. "Haya, bwana shahada. Lakini makuti hayajui kusoma."

Sikumsikiliza. Nani angenifundisha mimi habari za moto?

Baada ya magharibi, ndoa ikiwa imeshafungwa, niliwaita wanaume waingie uani. Wakajaa hadi kwenye mlango wa chumba alimokuwa bibi harusi na wanawake. Fataki ya kwanza ilipaa, watu wakashangilia. Ya pili vilevile. Ya tatu ilipindwa na upepo, ikatua juu ya paa la chumba kile.

Makuti yakashika mara moja. Tukakimbilia mtungi wa kutawadhia... ulikuwa mtupu.

Wanawake walitoka mbio. Mwanaidi naye alifika mlangoni, nilimwona. Alikuwa amepambwa, kichwa wazi, na mumewe mwenyewe alikuwa hajamwona bado. Mbele yake wamesimama wanaume tele. Akarudi ndani kutafuta nguo ya shiraa ajifunike.

Nilipaza sauti atoke, nikawaambia watu waondoke mlangoni. Lakini nani aliyewaita pale kama si mimi?

Paa likaporomoka. Mjomba na somo wa Mwanaidi, yule mama aliyemfunda, ndio walioingia wakamburuta nje. Mimi nilikuwa bado nimeshika kijinga cha kuwashia fataki.

Aliishi, alhamdulillahi, ila uso uliungua. Nilidhani mumewe atamwacha, hakumwacha. Wanakaa Saadani. Nikienda kumtazama, hunisalimia akiwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, kaka."

Majirani wanauona uso wake. Mimi, nduguye wa tumbo moja, ananificha uso huo. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Ukiniona utaacha kuja," akasema.



Ndugu zangu, nawasihi. Fataki zirusheni ufukweni, mbali na makuti, na siku ya upepo ziacheni kashani. Maji yawe tayari kabla hamjawasha. Msijaze watu mlangoni mwa nyumba yenye wanawake ndani. Na mzee akikukanya mbele ya kasha lako, usimjibu kama nilivyomjibu mjomba. Shahada yangu ninayo bado, na bado najivunia. Ila dada yangu namjua kwa sauti tu.